Filimbi Mbili Kutoka Olympic

Kwa miaka kumi na sita Sella hakushusha miguu kitandani kabla ya kusikia filimbi mbili.

Mumewe, Wepukhulu, alikuwa akitoka nyumbani kwao Silanga saa kumi na nusu alfajiri, akisukuma mkokoteni wake wa chai kupanda hadi mtaa wa Olympic, pale ambapo mafundi wa mjengo wanaokwenda kazini hupishana na walinzi wanaotoka zamu. Njia yenyewe haikuwa ya mchezo. Kulikuwa na mitaro, kulikuwa na mbwa, na kulikuwa na vijana waliojua vizuri kwamba mwuza chai hatembei mfuko mtupu. Kwa hiyo akifika salama, akishawasha moto na mvuke kupanda, alivuta mara mbili kamba ya filimbi ya mvuke iliyokuwa juu ya mashine yake. Filimbi ya kwanza ilikuwa fupi. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayeangalia kikombe kama ni safi. Halafu ya pili. Wateja walidhani wanaitwa wao. Sella, chini kule karibu na bwawa, alijua ni yeye anayeambiwa: nimefika. Alisema, "Haya," akamshukuru Mungu kwa maneno machache, ndipo akaanza siku yake ya kuuza makaa.

Mashine hiyo ya chai Wepukhulu aliiunda kwa mikono yake. Alikuwa amefanya kazi ya kuchunga boila katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo, mpaka wenyewe wakaleta mashine za umeme na kumwambia aende. Akaondoka na ujuzi wake na hasira kidogo. Akatafuta bomba nene la chuma, akaliziba pande zote mbili, akalikalisha juu ya jiko likawa tangi, akazungusha mirija myembamba ya shaba iliyopeleka mvuke kwenye sufuria ya maziwa. Juu ya tangi aliweka kijiti cha chuma chenye nati nzito mwishoni, kimelalia tundu dogo. Mvuke ukizidi, kijiti kiliinuka chenyewe, kikatoa pumzi, kikaanguka: tik. Kikainuka tena: tik. Wepukhulu alikiita kuku, kwa sababu kilidonoa.

Na kila asubuhi, kabla hajautoa mkokoteni mlangoni, alimwinua kuku kwa kidole kimoja, akamwacha aanguke, akamsalimia kwa lugha ya kwao, "Mulembe."

Jirani yao Apiyo alizoea kumcheka Sella kwa hilo. "Wee, Mama Timothy, bwanako anasalimia chuma kabla hajakusalimia wewe! Mimi ningeshakwenda kwetu zamani." Sella alicheka naye, lakini ndani, kidogo tu, ilimwuma.

Ilikuwa miaka minne sasa tangu Wepukhulu alazwe kwa ugonjwa wa mapafu na asirudi. Alizikwa kwao Bungoma, mahubiri yakahubiriwa, na Sella hakuwa na shaka yoyote juu ya alikokwenda. Aliamini. Lakini safari hiyo mumewe hakupiga filimbi. Mpaka leo, saa kumi na moja na nusu ikifika, masikio ya Sella yalisimama yenyewe yakingoja. Mashine ilikuwa kando ya kitanda, imefunikwa kitambaa cheupe alichopewa na akina mama wa kanisa wakati wa matanga. Haikuwahi kuwashwa tena. Mwanawe Timothy, dereva wa lori kule Eldoret, aliwahi kumwambia aiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Aliuona uso wa mamake, hakurudia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, akaja Lavender. Lavender alikuwa binti wa dadake Sella; alipanga chumba Kabiro, kule Kawangware, na kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu na wenzake, kwa kamera ya kukodi na simu zao. Alikuja na kijana mrefu aliyevaa miwani ya fundi wa kuchomea vyuma juu ya paji la uso, kana kwamba ameitwa kuchomea geti la mtu akapotea njia.

"Sasa, Anti?"

"Sasa ndiyo nini? Karibuni. Mmekula?"

"Tumekula. Huyu ni Antony, ndiye hutengeneza vitu vyetu vya filamu, na pia anaigiza. Anti, tumekuja kuona mashine ya Anko. Tunafanya stimpanki."

"Mnafanya nini?"

Lavender akacheka, akatoa simu yake, akamwekea. Sella alitazama vipande vya filamu tano huku akimenya viazi. Aliona meli zikipaa angani zikitoa moshi. Aliona wanawake waliokazwa viuno mpaka ukashangaa wanapumulia wapi. Aliona wanaume wenye kofia ndefu na saa za mnyororo, na magurudumu yenye meno kila mahali: kwenye milango, kwenye bunduki, hata kwenye mkono wa mtoto. Alitazama kwa makini, kama alivyotazama kila kitu. Ya tano ilipoisha akauliza:

"Na makaa anatia nani?"

"Makaa?"

"Hii meli inatoa moshi tangu mwanzo mpaka mwisho. Sijaona mtu akitia makaa. Sijaona gunia. Hata jivu halipo. Katika hizi tano, ni ile ya tatu tu iliyo na mtu mwenye mikono michafu, na huyo ametokea dakika moja, akafa."

Antony akapiga mapaja kwa mikono miwili. "Wah! Mathe amewamaliza!"

Lavender hakucheka. "Umesikia, Antony? Ndiyo hiyo nakuambianga kila siku." Akamgeukia Sella. "Mwaka jana tulipeleka filamu kwenye shindano, Anti. Ikarudi. Walituandikia ati gia zetu, haya magurudumu ya meno, ni za kubandika, hazizungushi kitu. Ati hii si stimpanki, ni duka la saa lililopigwa na upepo."

"Hao ni mahaters, wana wivu tu," Antony akasema. "Stimpanki ni luku, ni mwonekano, Mama Timo. Watu hawaendi kuangalia filamu wakiwa na spana. Mtu akiona gia, akiona kofia na miwani, anajua ni nini. Roho inatulia."

"Roho yako ndiyo inatulia. Kama hakuna mvuke, ni stimpanki ya nini?"

"Wewe unataka filamu ama unataka treni?"

Apiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza bila haya yoyote, akadakia. "Kwani sisi umeme hatuuiti stima? Na vile hupotea, Silanga nzima tunakaa na koroboi. Tuwekeni kwenye hiyo filamu, tumehitimu!"

Wakacheka wote. Kicheko kilipotulia Sella akauliza, "Lakini hizi ni hadithi za wakati gani? Za zamani, ama za mbele?"

Lavender akafikiri kwanza. "Ni za wakati ambao haukuwa, Anti. Unachukua dunia, halafu unasema: mvuke haukuachwa. Petroli haikuja, nyaya hazikuja. Watu wakaendelea na mvuke wao mpaka wakapaa nao angani. Ni kitu ambacho kila mtu alidhani kimeondoka, kumbe hakikuondoka."

Kisu cha Sella kilisimama kwenye kiazi.

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Katika hiyo dunia. Watu nao hawakuondoka?"

Lavender akaizima simu. Antony alivua ile miwani yake, akaishika mapajani kama mtu aliyejikuta ameingia kanisani na kofia.

Sella akaweka sufuria kando, akainuka, akafunua kitambaa.

Mashine ilikuwa nyeusi kwa masizi kutoka chini hadi juu, isipokuwa filimbi yenyewe, ambayo Sella aliipangusa kila Jumamosi. Antony akachuchumaa mbele yake. "Eish," alisema taratibu. "Hii ni yenyewe." Kisha, kwa huruma kabisa, "Lakini maskini haina hata gia moja."

"Mtaichukua," Sella alisema. "Ila sharti ni hili. Iwashwe. Ipige filimbi mbili, na mimi niwepo. Kama ni ya kusimama tu kama sanamu, irudi chini ya kitambaa."

"Itawashwa, Anti. Haki ya Mungu."

"Usiape. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Na hapa juu ya tangi," akaonyesha kwa mkono bila kugusa, "mtu asitoe kitu. Kila kitu kibaki pale kilipo."

Walipoondoka nayo, sakafuni pakabaki alama nne za miguu ya mashine. Sella alizifagia pembeni pembeni, akaziacha. Jioni hiyo alipiga magoti kuomba. Hakujua kama aliyokuwa akiyataka yalikuwa dhambi. "Bwana," akasema mwishowe, "simtaki arudi hapa kwenye matope. Najua yuko pazuri. Ni vile tu hakuna aliyeniambia amefika."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, Sella aliingia Kabiro na mfuko wa makaa aliyoyachagua mwenyewe, mapande magumu yasiyorusha cheche. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Filamu ilikuwa ipigwe katika ua wa ploti ya Mburu, babu yake Antony, mzee aliyekuwa na vyumba ishirini vya kupangisha na kiti kimoja cha mbao ambacho mwingine hakukikalia. Siku hiyo alikuwa amekiweka katikati ya ua.

"Guka, songa kidogo, unaingia kwenye picha," Antony alimsihi.

"Hapa ni kwangu. Filamu ndiyo inizunguke."

Sella alisimama langoni. Alitafuta mashine kwa macho, akaipita, akairudia. Ilikuwa ya dhahabu. Masizi ya miaka kumi na sita yalikuwa yamesuguliwa yakaisha, tangi limepuliziwa rangi, na kila mahali palikuwa na magurudumu ya meno, ya saa, ya baiskeli, ya cherehani.

"Arobaini na moja, Mama Timo!" Antony akasema. Alikuwa amevaa koti refu la mitumba na kofia ndefu aliyoishona kwa katoni. "Wiki nzima nimekuwa nabandika. Unaonaje?"

 Sella aliogopa kwamba akisema neno moja baya vijana watavunjika moyo, shughuli iahirishwe, na filimbi isisikike. "Imependeza," akasema.

Akasogea karibu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka, uende ukamwinue kuku kama Wepukhulu alivyozoea. Lakini Lavender alikuwa pale na kamera, na wasichana wawili wa kushika taa, na Mburu kwenye kiti chake. Yeye, mama wa kanisa, asalimie chuma mbele ya watu? Akaurudisha mkono. Akachukua kijiko badala yake, akagonga tangi kutoka chini kwenda juu, kama alivyomwona mumewe akifanya: chini mlio mzito, juu mlio mwepesi. Maji yalitosha. Akamwonyesha Antony jinsi ya kupanga makaa, akajitenga pembeni.

"Ekshen," Lavender akasema.

Antony, akiigiza mwuza chai wa ile Nairobi ambako mvuke haukuachwa, akawasha moto. Mburu, kwa kuwa hakusonga, alipewa kikombe awe mteja, na kwa kweli aliigiza vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa akingoja chai kweli.

Zamani, Jumamosi ambazo alikwenda Olympic mchana kuosha vikombe, akakuta moto ukiwashwa upya, Sella alipima muda kwa wimbo mmoja wa kanisani. Moto ukikolea, aliuanza. Ubeti wa nne ukiisha, kuku alidonoa. Basi akauanza kimoyomoyo. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaisha. Alidhani ameimba haraka kwa sababu ya hamu, akaurudia wimbo wote polepole. Tangi likaanza kunguruma kwa chini. Viungo vya mirija vikatoa povu dogo jeupe. Kuku kimya.

Sella hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisogea hatua mbili, akainua macho. Gia ya baiskeli, ile iliyong'aa kuliko zote, ilikuwa imekalia kijiti. Meno yake yalikuwa yameibana nati, na gundi ilikuwa imezunguka pale chini na kukauka.

"Antony," alisema, sauti hakuipandisha. "Weka hicho kikombe. Rudi nyuma. Usikimbie."

"Anti, tunarekodi..." Lavender akalalamika.

"Lavender, wewe na hawa wasichana, nyuma ya ukuta. Sasa hivi."

Antony akauona uso wake, akarudi nyuma. Msichana mmoja akanyakua ndoo. "Niimwagie maji?"

"Usithubutu, tangi litapasuka! Weka chini!" Hapo sauti ilitoka, na hakuna aliyejua kwamba anayo sauti ya namna hiyo.

Mburu alibaki amekaa. "Mimi siwezi kuondolewa kwangu na..."

"Mzee, inuka."

Mzee akainuka. Akabeba kiti chake mwenyewe, akaondoka kwa mbio ambazo hata mjukuu wake hakudhani bado anazo.

Sella akazungusha leso mkononi, akaivuta sinia ya makaa kutoka chini ya tangi, akaiburura hadi ukutani. Moto ulikuwa umetoka, lakini mvuke ulikuwa bado ndani, umejaa, unatafuta pa kupita, na tundu lake limezibwa. Mirija ya maziwa ilikuwa myembamba mno kuutoa kwa wakati; lilibaki tundu lingine moja tu. Alilijua. Alikuwa ameliwaza kwa miaka minne.

Akashika kamba, akavuta.

Ilitoka kubwa kuliko alivyoikumbuka. Siku zote aliisikia kutoka mbali, imeshapita juu ya mabati mengi. Hapa ilimpiga kifuani. Na hakuweza kuiachia. Mbili fupi zisingetosha, ilibidi mvuke wote utoke. Basi akashikilia, macho ameyafumba, filimbi ikilia moja tu, ndefu, ua wote ukajaa weupe. Milango ikafunguka ploti nzima. Mahali fulani mtoto akaanza kulia. Halafu sauti ikaanza kushuka. Ikawa kama ya birika, ikawa kama ya mtu anayevuta pumzi kwa shida, na hiyo Sella aliitambua, kwa sababu aliisikiliza wodini siku tatu za mwisho. Hakuachia. Alikaa nayo mpaka ikawa hewa tu, mpaka matone ya maji yakamdondokea mkononi, mpaka ikawa hakuna tena.

"Tokeni," akasema. "Imekwisha."

Walitoka mmoja mmoja. Antony hakufika karibu. Aliketi vumbini na koti lake refu, kofia imepinda.

"Mama Timo, ulisema nisitoe kitu. Haki sikutoa kitu. Niliongeza tu."

"Uliongeza pale kuku anapopumulia."

Akawaeleza: tundu, kijiti, nati, jinsi kinavyoinuka chenyewe mvuke ukizidi. Alipokuwa akieleza, kidole chake kiliinua hewani kijiti kisichokuwepo. Kidole, kijiti, tik, mulembe. Kila asubuhi ya Mungu. Haukuwa mchezo, wala haukuwa upendo wa chuma. Wepukhulu alikuwa akihakikisha kuku yuko huru kabla moto haujawashwa, ili jioni arudi nyumbani na vidole vyake vyote. Yeye Sella alikuwa amelionea wivu jambo hilo miaka kumi na sita, na leo, alipotaka kulifanya, aliona haya.

"Kosa si lako peke yako," akamwambia Antony.

Lavender alikuwa akilia waziwazi. "Tuache, Anti. Tufunge vitu tukurudishie nyumbani. Filamu si lazima."

"Nilisema filimbi mbili."

"Lakini imelia! Kawangware yote imesikia!"

"Hiyo ilikuwa moja. Leteni kisu."

Msichana mmoja akakimbia saluni ya jirani, akarudi na chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ilichukua karibu saa nzima. Antony alipaka, Sella akakwangua, na gia ya baiskeli ikang'oka. Mburu akarudi na kiti chake, akakiweka safari hii kando ya lango. "Hapa ndipo naona vizuri," alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. Kuku alipokuwa huru, Antony alianza kung'oa na gia nyingine, moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha. Sella akamshika mkono.

"Hizo ziache. Hazimzibi mtu."

"Lakini hazizungushi kitu. Lavender alisema ukweli."

"Umezipanga vizuri. Na Wepukhulu alipenda kitu kinachong'aa. Mfuko wake wa shati haukukosa kalamu tatu, na kuandika kwenyewe kulimpa taabu."

Antony akacheka kidogo, akapangusa pua kwa mkono wa koti.

"Na wakituambia tena hii si stimpanki?" Lavender akauliza.

"Waulize makaa anatia nani."

Tangi likapoa, maji yakaongezwa, Sella akagonga kwa kijiko akatosheka. Kisha akamwita Antony. "Sasa msalimie."

Antony akatazama kulia na kushoto. "Nimwambie nini?"

"Mwinue kwa kidole, umwachie, useme mulembe."

Kijana wa Kabiro, mjukuu wa Mburu, akanyoosha kidole. Kijiti kikainuka, kikaanguka: tik. "Mulembe," akasema, ulimi wake ukiikanyaga kanyaga hiyo l mpaka ikakaribia kuwa r. Guka wake akakohoa kuficha kicheko. Sella alilazimika kutazama upande mwingine.

"Tena," akasema.

Tik. "Mulembe."

Makaa yakapangwa. Sella akampa Lavender kamba. "Kuku akianza kudonoa, vuta. Fupi. Halafu ngoja, halafu vuta ya pili."

"Ningoje kiasi gani?"

"Kama unayeangalia kikombe kama ni safi."

"Si uvute wewe, Anti? Wewe ndiye unajua."

"Mimi kabla ya leo sikuwahi kuvuta. Mimi ni wa kusikia."

"Na unaenda wapi sasa? Si ulisema lazima uwepo?"

"Nitakuwepo," Sella alisema, akatoka langoni.

Alipita saluni, akapita buchari, akapita fundi wa viatu na mama wa mitumba. Alitembea mpaka ploti ya Mburu ikafichwa na ploti nyingine, na hizo zikafichwa na nyingine tena, mpaka akafika kwenye kona ambapo mwanamke mmoja alikuwa akichoma mahindi. Hapo akasimama, ameupa mtaa mgongo, mikono ameifumbata chini ya leso. Redio mbili zilikuwa zikishindana. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi mahali, na mtu alikuwa akigonga bati. Akauanza ule wimbo. Ubeti wa kwanza. Akakumbuka giza la Silanga, godoro upande mmoja likipoa. Ubeti wa pili. Akakumbuka vile alivyokuwa akihesabu njia kichwani: sasa amepita mtaro, sasa amepita mbwa wa yule mwenye kibanda, sasa anapanda. Ubeti wa tatu. Wa nne. Wimbo ukaisha, na hakukuwa na kitu. Mama wa mahindi akageuza hindi moja. Sella hakuurudia wimbo. Alisimama tu.

Ndipo ikaja, juu ya mabati, nyembamba na mbali, kama ilivyostahili kuwa. Fupi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu mno. Lavender hakuwa akiangalia kikombe kimoja, alikuwa akiangalia dazeni nzima. Sella alishikilia pumzi.

Ya pili ikaja.

Mama wa mahindi akainua kichwa. "Hiyo ni nini tena? Ile ya kwanza ilinishtua nikaangusha jiko."

"Kuna mtu amefika," Sella alisema.

"Wapi?"

 Sella alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikisogea kwa maneno machache. "Haya," akamalizia, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka minne. Kisha akapangusa uso kwa ncha ya leso, akageuka, akarudi kwa Mburu kuosha vikombe.